Uzoefu wangu wa kununua friji na zulia Sabasaba: punguzo lipo, ila si lile lililoandikwa

Nianze na jibu, maana ndilo majirani wananiuliza sana: ndiyo, kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba, Dar es Salaam, unaweza kununua vitu kwa bei nafuu kweli. Lakini si kila banda, na si kila siku. Na ukienda bila kujua bei ya Kariakoo, utarudi nyumbani hujui kama umepunguziwa au umepigwa.

Kwa ambao hawajawahi kufika, maonyesho yapo Viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, Temeke, yanaandaliwa na TanTrade, mamlaka ya serikali ya kuendeleza biashara, na miaka ya karibuni yanaanza 28 Juni hadi 13 Julai. Mwaka 2025 yalikuwa ya 49. Kilele ni 7 Julai, ambayo ni sikukuu. Siku hiyo wapelekeni watoto wakatembee, ila manunuzi yaahirisheni. Watu wanakuwa wengi mno, huwezi kusimama kwenye banda moja ukauliza maswali yako kwa utulivu, na muuzaji aliyezungukwa na wateja hana sababu ya kukushushia wewe. Siku za kazi asubuhi ndiyo muda wa kupatana bei.

Mimi nilikuwa na hela ya mchezo, yaani upatu, na orodha yangu ilikuwa fupi: friji, zulia la sebuleni na seti ya sufuria. Kabla maonyesho hayajaanza nilipita kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, nikauliza bei, na kila friji niliyoipenda nikaipiga picha kibandiko cha nyuma. Kibandiko hicho ni muhimu kuliko rangi ya friji na idadi ya milango. Kinaonyesha namba ya modeli, na friji mbili zinazofanana kabisa kwa macho zinaweza kutofautiana herufi moja tu mwishoni, kumbe moja ni ya mwaka huu na nyingine ilishapitwa, au moja ina ujazo mdogo kuliko mwenzake. Ukilinganisha bei bila kulinganisha namba hiyo, hujalinganisha kitu.

Sasa Sabasaba. Kwenye banda moja nikaikuta friji yangu ileile, herufi kwa herufi. Kwenye karatasi ya bei walikuwa wameandika 980,000, wakaikata kwa wino mwekundu, chini yake 790,000.

"Dada umebahatika," kijana wa banda akaniambia. "Hii ni ofa ya Sabasaba tu, ukitoka hapa nje bei inarudi palepale."

Nikamwonyesha picha kwenye simu. "Kaka, hii Kariakoo nimeambiwa 795,000, na hata sijaanza kuomba kupunguziwa."

Akaitazama picha, akaitazama friji, akamwita bosi wake. Bosi hakubishana, na kwa hilo nampongeza. Akasema bei hashuki tena, ila ataongeza kifaa cha kulinda friji umeme ukicheza, na gari lao litanifikishia mzigo hadi Mbagala bure. Nikapiga hesabu palepale. Kile kifaa dukani ni kama 25,000. Kirikuu ya kutoka Kariakoo hadi kwangu nisingeipata chini ya 30,000. Jumlisha na ile 5,000 ya tofauti ya bei, nimeokoa 60,000. Ni hela nzuri, nimeridhika nayo. Lakini si 190,000 iliyokuwa inatangazwa na wino mwekundu, na mtu asiyejua bei ya nje angelipa akaondoka akiamini ameokoa karibu laki mbili, wala asingekumbuka kudai chochote cha nyongeza.

Jambo jingine nililolitazama kwenye friji ni umeme wake. Baadhi zina karatasi inayoonyesha matumizi kwa mwaka. Ninayoitumia imeandikwa 190, yaani kama uniti 16 kwa mwezi. Pembeni yake palikuwa na ya milango miwili, kubwa, imepunguzwa sana kuliko yangu, imeandikwa 380, sawa na uniti 32 kwa mwezi. Kwa sisi ambao TANESCO imetuweka kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti hizo 16 za ziada zinaweza kukutoa kwenye kundi hilo, kisha LUKU ikala lile punguzo lote ulilolishangilia bandani. Wapo waliokuwa wanaipigania ile kubwa, na sikuona hata mmoja akiuliza.

Kuhusu risiti nina ukali kidogo. Kuna banda, silitaji jina, nilipoulizia jiko la gesi niliambiwa bei ni hiyo kwa risiti ya mkono, nikitaka ya mashine itapanda. Niliondoka. Risiti hiyo ya mashine, yaani ya EFD, ndiyo inayothibitisha ulinunua nini, kwa nani, tarehe gani, na ina msimbo unaoweza kuuhakiki kwa simu kwenye mfumo wa TRA. Banda linavunjwa maonyesho yakiisha. Jiko likigoma kuwaka mwezi wa nane, utampeleka nani wapi na kikaratasi kisicho na hata TIN, ile namba ya mlipakodi? Kwa sababu hiyohiyo, kabla sijalipia friji niliomba anwani ya duka lao la kudumu, na kadi ya waranti ikagongwa muhuri mbele yangu ikiwa na tarehe. Kadi isiyo na muhuri wala tarehe ni karatasi tu.

Zulia nililiacha hadi siku za mwisho, makusudi. Wafanyabiashara waliotoka nje ya nchi hawapendi kufunga mzigo na kuurudisha kwao, kwa hiyo bei inalegea kadiri tarehe 13 inavyokaribia. Nilipopita siku za mwanzo, baba mmoja kutoka Misri alinitajia 260,000. Kiswahili chake kilikuwa "karibu dada" na "bei nzuri", basi mazungumzo yote yakafanyika kwenye kikokotoo. Anaandika namba, ananipa. Nafuta, naandika yangu, namrudishia. Anashika kifua, anaandika nyingine. Siku za mwisho tulianzia 180,000 tukaishia 140,000, na zulia ni lilelile, nilishalikunjua mara ya kwanza nikaangalia mgongo wake na pindo zake. Hatari yake ni kwamba rangi uipendayo inaweza kuwa imeshaondoka. Kama moyo umeganda kwenye rangi moja, nunua mapema na ukubali bei ya mapema.

Sufuria sikununua. Bei ilikuwa ya rejareja, na Kariakoo mkijikusanya majirani watatu mnachukua kwa bei ya jumla.

Sehemu ambayo watu wanaipita haraka, na mimi ningewasihi wasiipite, ni mabanda ya wazalishaji wetu: SIDO (shirika la viwanda vidogo), wajasiriamali wa mikoani, Magereza na samani zao. Kwenye samani za mbao nilivuta droo, nikagonga mgongo wa kabati, nikalinganisha na kabati za mbao za kubandika zinazouzwa mabanda mengine kwa bei inayokaribiana. Hazifanani hata kidogo. Uzuri wa hapo ni kwamba unaongea na aliyetengeneza, bila dalali wala mtu wa kati, na ukichukua namba yake ya simu uhusiano hauishii Julai.

Mimi nilipata hivyo asali. Mama mmoja kutoka Tabora alikuwa na ndoo na chupa, zote zina nembo ya TBS, akanionjesha ya miombo, nyeusi, nzito. Lita moja aliniuzia 12,000, wakati dukani mtaani kwangu chupa ya nusu lita ni 10,000. Sasa namtumia hela kwa simu, ananipakilia dumu la lita tano kwenye basi, nalipokea Stendi ya Magufuli pale Mbezi. Nagawana na dada zangu wawili, na hata tukijumlisha nauli ya mzigo haifiki 14,000 kwa lita. Anayetaka kujaribu aende na chupa yake ndogo ya maji, maana ukishaonja asali za mabanda matatu mfululizo ulimi hautofautishi tena.