Niliwapa ukurasa wa Facebook wautangaze, wakauandikisha kwa jina lao

"Mathe, ukurasa ni wako, lakini akaunti ni yetu."

Hivyo ndivyo nilivyojibiwa na kijana wa mapokezi, macho yake hayajatoka kwenye simu. Jina la ofisi yao sitalitaja. Wako hapa Kisumu, katikati ya mji, wanajiita wataalamu wa matangazo ya mitandaoni, na wanatoza shilingi 8,000 kwa mwezi mbali na pesa ya matangazo yenyewe. Wateja wao ni watu wa aina yangu: wauza makochi wa soko la Kibuye, wenye saluni, wauza masufuria. Nyota moja. Kungekuwa na nusu ningewapa nusu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kijana alisema kweli. Ndivyo mambo yalivyo siku hizi, na wao wanajua kwamba sisi hatujui.

Facebook ilipoanza 2004 pale Harvard, Mark Zuckerberg na wenzake waliwatengenezea wanafunzi wenzao. Mwaka 2006 mlango ukafunguliwa kwa yeyote mwenye umri wa miaka 13 na zaidi, 2007 zikaja kurasa za biashara, 2009 kitufe cha laiki, na mwaka huohuo ikaanza kusomeka kwa Kiswahili. Zama hizo ukipandisha picha ya kochi, wafuasi wengi waliiona bila wewe kutoa senti. Pole pole ikabanwa. Januari 2018 wakatangaza wazi kwamba habari za ndugu na marafiki zitatangulia, na za kurasa zirudi nyuma. Basi mfanyabiashara akawa kama mpangaji: kibanda amejenga mwenyewe, wateja amewaita mwenyewe, lakini kuonekana analipia. Hapo ndipo mawakala kama hawa walipopata unga wao.

Sasa sikiliza wanavyofanya, maana ujanja wote uko kwenye kubonyeza mara moja tu.

Ukurasa unaweza kuwa na wasimamizi wengi, lakini kwa upande wa biashara unaandikishwa chini ya akaunti moja tu. Hiyo akaunti ya biashara ndiyo kama hatimiliki. Wakala mwaminifu hutuma ombi la kupewa ruhusa ya kufanya kazi kwenye ukurasa wako, na siku mkikosana unaiondoa hiyo ruhusa mwenyewe. Wakala wa aina ya hawa hutuma ombi jingine, la kuuingiza ukurasa kwenye akaunti yake ya biashara. Maombi yote mawili yanakujia kama arifa inayofanana na mwenzake, na kitufe cha kukubali kinafanana. Kinachotofautiana ni maneno machache hapo juu. Wewe uko na mteja anayepapasa kitambaa, simu inalia, sauti tamu inakwambia, "Madam, bonyeza tu hapo kukubali tuanze kazi." Unabonyeza. Kwisha.

Kuanzia hapo unaendelea kuandika na kujibu wateja kama kawaida, hutagundua chochote. Lakini kuutoa ukurasa kwenye akaunti yao ya biashara ni kazi ya msimamizi wa akaunti hiyo, yaani wao. Na akaunti ya matangazo iliyofunguliwa ndani ya biashara ya mtu haihamishwi kwenda kwa mtu mwingine. Historia ya malipo, makundi ya watu waliowahi kubonyeza tangazo lako, yote hubaki kwao. Umelipia kuujua umati wako, na aliyeujua ni jirani.

Kuangalia uko wapi, ingia kwenye ukurasa wako, mipangilio, kisha sehemu ya ufikiaji wa ukurasa. Utaona majina ya watu wenye udhibiti kamili, halafu wenye kazi maalumu tu kama kujibu jumbe au kuweka matangazo. Ukikuta pia jina la biashara usiyoijua, hiyo ndiyo taarifa yako.

Haya, nitakuwa mwongo nikisema hawajui kazi. Mwezi wa kwanza simu haikutulia. Walikuwa na msichana mmoja wa picha, huyo ana mkono. Alikataa kupiga makochi ndani ya kibanda chini ya taa ya manjano, akasema yatolewe mlangoni asubuhi kabla jua halijakaza, na akaandika bei juu ya picha. Bei! Katika nchi hii ambayo kila muuzaji anaandika "bei inboksi" kana kwamba ni siri ya serikali. Anayeona bei na bado akaandika ujumbe, huyo amekuja kununua au kuomba upunguze, na wote wawili ni wateja. Pia hawakutumia kile kitufe cha haraka cha kukuza posti kwa lengo la laiki. Ukichagua laiki, mtandao unakutafutia watu wenye vidole vyepesi, si wenye pesa ya kochi. Walichagua lengo la jumbe, tangazo likibonyezwa linafungua WhatsApp moja kwa moja. Kwa hilo pekee ningewapa nyota tatu, na wiki ile nilikuwa tayari kuwapa hata nne.

Halafu ukaja mwezi wa pili na duara lao.

Kwenye tangazo unachagua mahali na upana wa kilomita. Waliweka Kisumu, kilomita 40, wakaenda zao kunywa chai. Duara hilo hupimwa kwa mstari ulionyooka hewani, halijui ziwa. Kendu Bay iko ndani yake, ng'ambo ya ghuba ya Winam, na kwenye ramani ni karibu kabisa. Kochi la viti saba halipiti majini. Pikapu lazima izunguke Ahero, ishuke Katito, ndipo ielekee huko. Tangazo lilikuwa limeandika "tunakuletea bure", kwa hiyo nusu ya jumbe zilikuwa za watu wa ng'ambo wakidai haki yao, na kila ujumbe ulikuwa umelipiwa kwa pesa yangu. Dawa yake ni rahisi mno. Badala ya duara moja kubwa unaweka pini kadhaa zenye duara dogo, mjini moja, Ahero moja, Maseno moja, Luanda moja, na sehemu usizofika unaziweka upande wa kuondolewa. Ni kazi ya dakika tano. Nilipowaambia, nikajibiwa kwamba mtandao "unajipanga wenyewe".

Tena hilo lilikuwa dogo. Jumbe zikaanza kukauka kabisa, nao wakiendelea kunihakikishia kwamba tangazo linaendelea kila siku. Hapa kuna kitu ambacho kila anayemlipa wakala anapaswa kukijua: Facebook ina maktaba ya matangazo iliyo wazi kwa kila mtu. Huhitaji hata kuwa na akaunti. Fungua facebook.com/ads/library, chagua Kenya, chagua matangazo yote, andika jina la ukurasa wako. Itakuonyesha kila tangazo linaloendelea wakati huo na tarehe lilipoanza. Kwa matangazo ya kawaida ya biashara haionyeshi kiasi kilichotumika, lakini kama halipo, halipo. Langu halikuwepo. Nikaangalia asubuhi, mchana, usiku. Hakuna.

Ndipo nikapanda ngazi kwenda kuomba risiti. Simaanishi ankara yao yenye nembo ya kung'aa, naongea juu ya risiti inayotoka kwenye mtandao wenyewe. Kila makato ya matangazo huwa na namba yake ya kumbukumbu katika sehemu ya malipo, na inapakuliwa kama PDF. Anayetangaza kweli hawezi kuikosa. Na hapo ndipo nilipopewa ile ya "akaunti ni yetu".

Ukurasa waliurudisha, baada ya wiki kadhaa za simu na baada ya shemeji yangu kwenda kuketi pale mapokezi bila kusema neno. Kuurudisha kwenyewe ni kuuondoa tu kwenye akaunti yao ya biashara. Hakuna kinachofutika: wafuasi wapo, picha zipo. Akaunti ya matangazo ndiyo imebaki huko, kwa hiyo nimeanza upya kwa shilingi 300 kwa siku.

Safari hii nimefungua akaunti ya biashara yangu mwenyewe, wasimamizi ni mimi na dada yangu, maana msimamizi mmoja akipoteza simu ni msiba. Nalipa kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, ile iliyokuja 2022, ili makato niyaone mwenyewe. Wakala akija, simpi paswadi. Ananipa namba ya utambulisho ya biashara yake, naiingiza sehemu ya washirika, nachagua ukurasa na kazi anayoruhusiwa. Tukikosana, naiondoa. Uthibitisho wa hatua mbili nimeuweka kwa programu ya kutoa namba, si kwa SMS, kwa sababu laini zinaibwa na kusajiliwa upya kila siku. Zile namba 10 za akiba za kuingilia simu ikipotea, ambazo kila moja hutumika mara moja tu, ziko nyuma ya kitabu cha madeni. Na mkianza kupata jumbe za Messenger zenye nembo ya ngao zikisema ukurasa wenu utafungwa ndani ya saa 24, msibonyeze kitu. Onyo la kweli utalikuta ndani ya akaunti yenyewe, na barua pepe za Facebook mara nyingi hutoka facebookmail.com. Mimi nilianza kuzipata wiki ileile ukurasa uliporudi. Simshuku mtu.

Nikisema nyota moja nakumbuka yule msichana wa picha, nataka kuandika mbili. Lakini nasikia ameshaacha kazi pale, anapiga picha kivyake karibu na stendi, na namba yake ninayo. Basi ile ya pili ni yake, wao wabaki na moja. Risiti ya mwezi wa pili bado naidai.