Kima: stesheni haina kosa, kosa ni la waliotupeleka

Nililipia kisa cha simba wa Kima, nikapewa cha simba wa Tsavo. Hiyo ndiyo hasira yangu, mwenye haraka anaweza kuishia hapo.

Safari ilikuwa ya siku moja, ya "stesheni za kale", na mimi niliifuata Kima tu, stesheni ya reli kule Makueni, Kenya. Gari safi, chai ipo, sina neno. Tukafika, kijana anayetuongoza akaanza: simba wawili waliowala wajenzi wa daraja la reli, kisha Patterson, mhandisi aliyewaua kwa bunduki yake. Jamani! Hiyo ni Tsavo, mwaka 1898, zaidi ya kilomita 150 kutoka pale tuliposimama!

Kisa cha Kima ni cha 1900, na ndicho kinachosisimua mwili. Ryall, afisa wa polisi wa reli, alikuja kumvizia simba aliyekuwa akiwala watu wa stesheni. Wakalala ndani ya behewa, yeye na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Zamu ya Ryall ikamkuta na usingizi. Simba akaingia kwa mlango wa kutelezesha, mlango ukajifunga nyuma yake, akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni ili amfikie Ryall, kisha akatoka naye dirishani.

Mama mmoja muuza maembe alianza kutusimulia hayo hayo, alivyoyasikia kwa wazee wake. Kijana akamkatiza: "Mama, hawa ni wageni wangu, wewe uza maembe." Mbele yetu! Mtu wa rika la mamake! Nikasema amwache amalize. Akanitazama juu chini: "Mzee, ratiba ni yangu."

Nilikuwa nimpe nyota tatu, maana mahali penyewe panastahili. Tangu treni mpya ya Madaraka Express ianze 2017, treni ya zamani ya usiku ya Mombasa imebaki hadithi, na stesheni hizi ndogo zinaishi kwa kusimuliwa. Ukizisimulia ovyo, zinabaki na nini? Labda kijana alipewa karatasi akakariri, basi lawama ni ya mwajiri. Lakini hapana, karatasi haikumtuma kumdharau mama wa watu. Nyota moja, na hiyo ni ya dereva.

Anayekitaka kisa hiki aanzie Makumbusho ya Reli, Nairobi, behewa lenyewe liko pale. Kisha aende Kima kwa nauli yake, anunue maembe, asikilize.

Nimeomba nirudishiwe pesa. Nimejibiwa kwa emoji ya mikono miwili.