Uzoefu wangu na fundi wa kuja nyumbani: Peugeot 504 iliyolala miaka 14

Gari la marehemu baba, Peugeot 504, lilikuwa limesimama chini ya banda la makuti nyumbani kwetu Ganjoni tangu mwaka 2010, na hewa ya chumvi ya Mombasa haikulihurumia. Baba alililinganisha daima na zile 504 zilizoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuliuza kama chuma chakavu. Mwishowe nilimwita fundi mmoja wa Majengo ambaye hufuata magari majumbani.

Kilichonipa imani naye ni kwamba hakuuliza ufunguo. Mimi nilikuwa nimekwisha kununua betri mpya, nikidhani kazi iliyobaki ni kupiga stata tu. "Mwanangu, huo ufunguo utie mfukoni kwanza," aliniambia, kisha akaeleza kwamba ringi za pistoni zilizokauka hushikana na kuta za silinda, na stata ikilazimisha, ama ringi hukatika ama kuta hukwaruzika. Alifungua plagi zote 4, akamimina katika kila tundu oili kidogo iliyochanganywa na dizeli, akayaziba matundu kwa vitambaa na kwenda zake kwa siku 2. Aliporudi alitia spana kwenye nati ya puli ya krenki, akaisukuma kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo, hadi injini ikaachia na kuanza kuzunguka. Nikikumbuka jinsi nilivyokuwa na haraka, naona haya.

Kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, ilichukua muda mrefu zaidi. Petroli ikikaa miaka, sehemu zake nyepesi hupaa na kinachobaki ni gundi; tulipolifungua bakuli lake tulikuta utando wa rangi ya halua iliyoungua, umeviziba vile vitundu vyembamba vya kupitishia mafuta. Alivisafisha kwa dawa na kuvipuliza kwa upepo, akakataza kabisa kuvichokoa kwa waya, kwa sababu kitundu kikipanuka hata kidogo injini hunywa petroli kupita kiasi. Tangi lilikuwa na kutu ndani, hivyo alitaka kuning'iniza juu ya injini chupa ya plastiki yenye petroli safi. Hilo sikulikubali, tulitumia galoni ndogo ya chuma iliyowekwa mbali na injini, nami nikaweka ndoo ya mchanga karibu.

Pointi, vile vibati viwili vinavyokata na kuunganisha umeme wa cheche, zilikuwa zimefanya ukungu wa kijivu. Alizipitisha msasa laini na kurudisha mwanya wake kuwa takriban milimita 0.4, lakini cheche ikabaki ya manjano na dhaifu mpaka alipobadilisha kondensa, kile kidude cha kuhifadhi umeme kando ya pointi, ndipo ikaruka ya buluu, yenye mlio. Baada ya kumwaga oili kuukuu na kutia mpya, alizungusha injini bila plagi hadi taa ya oili ikazimika. Plagi zikarudishwa, na mara ya tatu gari lilikohoa, likatema kupitia ekzosi vipande vya udongo wa nyumba ya nyigu, kisha likawaka. Moshi ulijaa ua mzima na ilinibidi kumwomba radhi jirani aliyekuwa ameanika nguo.

Malalamiko ninayo. Aliniahidi siku 3, kazi ikachukua 9, nyingine bila hata simu. Kubwa zaidi, hakunionya kuhusu breki, nami kwa furaha nilimruhusu mpwa wangu alirudishe gari nyuma hatua chache. Pedeli ilizama hadi sakafuni, na kilichotuzuia ni mgomba wa Mama. Oili ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na masta silinda, yaani pampu inayosukuma oili hiyo, ilikuwa imeliwa na kutu kwa ndani. Fundi alijitetea kwamba nilimwita kuwasha injini, si kulitembeza gari. Kwa kauli ya makubaliano yetu ana haki, ingawa mtu wa umri wake alipaswa kunena neno.

Malipo yake ya kazi yalikuwa shilingi 12,000 bila vipuri, na kwa injini hiyo sioni kama alinipunja. Nitamwita tena kwa ajili ya breki na tangi, ila safari hii tutaziandika kazi zote kwenye karatasi kabla hajafungua boneti, na mgomba wa Mama utakuwa wa kwanza kwenye orodha ya vitu vya kulindwa.