Ramani ya kifaa cha GPS: ipi ununue, ipi uiache

Kabla hujalipia ramani yoyote, washa kifaa chako na upite kwenye barabara unayoijua, iliyofunguliwa karibuni. Kama kishale cha gari lako kinaelea kwenye uwanja mtupu wa kijivu ilhali uko juu ya lami, usizilaumu setilaiti. Kwa mawimbi yake kifaa kinajua ulipo. Kilichopitwa na wakati ni ramani.

Mawimbi ya GPS, mfumo wa setilaiti wa Marekani, ni bure kwa kila mtu, na tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyapunguzia usahihi kwa makusudi, yanamtosha dereva. Unacholipia ni ramani, na ramani huzeeka. Ndiyo maana katika kupanga nafasi tano zilizo hapa chini, kuanzia bora hadi ya kuachwa, sikujali sana ukubwa wa kioo wala utamu wa sauti. Nilichojali ni jinsi ramani mpya itakavyonifikia, na itaendelea kunifikia mpaka lini.

1. Masasisho ya maisha yaliyokuja na kifaa

Hili ndilo la kwanza, yaani ramani mpya zinazokuja bila malipo ya ziada, na wengi wanalo bila kujua. Kwenye vifaa vya kampuni ya Garmin tazama herufi zilizo mwishoni mwa jina la modeli: LM ina maana ramani za maisha, LMT ni ramani pamoja na taarifa za foleni. Unaunganisha kifaa na kompyuta kwa kebo ya USB, unafungua programu ya Garmin Express, nayo inakuambia kama kuna ramani mpya. Vifaa vingi vya TomTom hutumia MyDrive Connect kwa kazi hiyohiyo, na vile vipya vya kampuni zote mbili hupakua vyenyewe kupitia Wi-Fi.

Lakini soma vizuri neno “maisha”. Ni maisha ya kifaa, siyo yako. Garmin yenyewe imeandika kwamba ahadi hudumu maadamu kifaa kina uwezo wa kubeba ramani za sasa, na maadamu kampuni inaendelea kupata data kutoka kwa anayeiuzia. Mwaka 2018 TomTom nayo ilitangaza kwamba baadhi ya vifaa vyake vya zamani havitapata tena ramani mpya. Kwa hiyo kifaa kilichokaa dukani miaka mingi kwenye boksi lake kinaweza kuwa kimekula sehemu ya maisha hayo kabla hujakigusa.

Kati ya hizo mbili, ipi? TomTom inatengeneza ramani zake yenyewe tangu iliponunua kampuni ya ramani ya Tele Atlas mwaka 2008, na makadirio yake ya muda wa safari ni mazuri kwa sababu yanatokana na mwendo halisi wa madereva. Garmin kwa kiasi kikubwa imetegemea ramani za kampuni ya HERE, zamani zikiitwa NAVTEQ. Ningekuwa nanunua leo ningechukua Garmin, kwa sababu ya nafasi ya pili hapa chini: siku kampuni ikikuacha, mlango mwingine bado uko wazi.

2. Ramani za OpenStreetMap ndani ya Garmin

OpenStreetMap ilianza Uingereza mwaka 2004, na hadi leo huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Kuna tovuti zinazoigeuza kuwa faili la Garmin bila malipo. Faili hilo huitwa gmapsupp.img, unaliweka kwenye kadi ya memori ndani ya folda iliyoandikwa Garmin, unachomeka kadi, unawasha. Kwenye modeli nyingi ramani inatokea hapohapo, na unaweza kuizima au kuiwasha kwenye mipangilio.

Naipenda kwa moyo wote. Vichochoro, njia za miguu na vijia vya msituni mara nyingi vimo humu wakati ramani za kulipia hazina hata dalili yake. Udhaifu wake ni utafutaji wa anwani: namba za nyumba zipo pale tu ambapo mtu amejitolea kuziingiza. Jihadhari pia na ukubwa, kwa kuwa kadi za mfumo wa FAT32 (namna ya kupanga mafaili ndani ya kadi) hazipokei faili moja linalofika GB 4. Pakua eneo unalotembelea, acha bara zima.

3. Simu

Kwa anayeendesha mara mojamoja, simu inatosha, nami sitamshawishi anunue kifaa. Programu za Organic Maps na OsmAnd hufanya kazi bila intaneti kwa kutumia data ya OpenStreetMap. HERE WeGo nayo hupakua nchi nzima bure. Google Maps ni hodari kwenye foleni ukiwa na mtandao, ila maeneo uliyohifadhi yana muda wa kuisha, na bila mtandao hukupa njia ya gari tu, siyo ya miguu. Simu inapitwa kwenye safari ndefu: inachemka juani, chaji inakwisha, na mtu anapiga katikati ya makutano.

4. Kulipia sasisho la mara moja

Kwa kifaa chenye umri mdogo, sawa. Kwa kizee, linganisha kwanza bei ya sasisho na bei ya kifaa kipya chenye ramani za maisha. Mara nyingi kipya kinashinda. Ramani za gari lililokuja na mfumo wake zinaingia hapahapa. Kama gari lako linakubali Android Auto au CarPlay, zinazoonyesha ramani ya simu kwenye kioo cha gari, tumia hizo kabla hujalipa.

5. Kadi zenye ramani zilizonakiliwa

Acha. Nilishanunua kadi ya aina hii kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ina ramani mpya kabisa. Niliichomeka, kifaa kikasema ramani haijafunguliwa, basi. Ramani hizi hufungwa kwa namba ya kifaa au kwa kadi yenyewe ya asili, hivyo nakala haina maana. Fedha ile haikurudi.

Ukinunua kilichotumika

Kitoe nje penye anga wazi, subiri kishike setilaiti, kisha utazame tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu wiki kuanzia 0 hadi 1023 halafu huanza upya, na mara ya mwisho ulifanya hivyo tarehe 6 Aprili 2019. Kifaa ambacho programu yake haikusasishwa kinaweza kuonyesha tarehe iliyorudi nyuma karibu miaka 20, na kukokotoa vibaya muda wa kufika. Tazama pia nafasi ya memori. Modeli nyingi za zamani ramani ya sasa haziingii ndani yake, kwa hiyo tundu la kadi ni sharti.

Siku ya kusasisha, nakili kwanza kila kilichomo ndani ya kifaa kwenye kompyuta. Mimi niliwahi kuruka hatua hiyo; kebo ililegea katikati ya kazi, na kifaa kikabaki kwenye nembo ya kampuni, hakiendi mbele wala nyuma. Chaji betri ijae, tumia kebo isiyochezacheza, na uifanye usiku ambao asubuhi yake huna safari.