Risasi za kanga: maboksi matatu, karatasi tisa na bega linalouma

Nianze na bega, maana ndilo lililonifanya niandike. Mwezi mzima linanitonesha kila nikivuta kamba ya kuwashia injini, na kazi yangu ni injini za mitumbwi pale Igombe, kwa hiyo kamba naivuta kutwa. Wateja wanadhani ni uzee. Si uzee, ni gramu 42 za marisau, vile vigololi vidogo vya ndani ya risasi ya shotgani.

Wenye shotgani za leseni huku kwetu hatuko wengi na tunajuana. Kila msimu ukikaribia swali ni lile lile: ya kanga ninunue risasi gani? Na jibu la kijiweni halibadiliki: chukua kubwa, chukua kali. Hata mimi nilikuwa nikilitoa jibu hilo kwa kifua mbele. Mwaka huu nikasema ngoja nizipime aina tatu kwenye karatasi kabla sijamnyooshea ndege mtutu. Nimetubu.

Bunduki yenyewe ni ya Kiingereza, geji 12 (ndiyo saizi ya mtutu), mitutu miwili iliyolala sambamba, chemba, yaani pale risasi inapokaa, ya milimita 70. Ilikuwa ya marehemu baba, na kabla sijaigusa nilihangaikia kwanza leseni ya jina langu. Mtutu wa kulia mdomo wake umebanwa nusu ili marisau yasitawanyike mapema, wa kushoto umebanwa kabisa. Majaribio yote nimefanya na wa kulia, kwa sababu ndio ninaoanza nao siku zote.

Maboksi yalikuwa hivi. La kwanza la Kiingereza, namba 6 (namba ni saizi ya risau, ikipanda risau ni dogo), gramu 32 za marisau. La pili la Kimarekani, limeandikwa magnum, yaani iliyojazwa zaidi, kwa herufi za dhahabu, namba 4, gramu 42, na bei yake karibu mara mbili ya lile la kwanza. La tatu ni risasi za mchezo wa kulenga visahani, namba 7½, gramu 28, rahisi kuliko zote. Muuzaji aliandika idadi kwenye kumbukumbu zake, akanirudishia leseni yangu, kisha akagonga lile boksi la dhahabu kwa kidole: "Mzee, hii hata kanga akiwa Ukerewe unampata." Duka silitaji. Kijana mwenyewe ni mpole, ila sidhani kama amewahi kuipiga hiyo risasi.

Nikavuka kwenda Sengerema kwa shemeji yangu. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kusubiri kivuko Kigongo hadi mahindi ya kuchoma yanakuisha hamu. Siku hizi unapita juu ya daraja, kilomita 3, umefika. Shemeji ana shamba la pamba lililopumzishwa, na nyuma yake kuna kichuguu kikubwa kama nyumba. Mwenyekiti wa kijiji na polisi walikuwa na habari yetu. Tukabandika karatasi za kaki kwenye fremu ya miti kwa uji wa muhogo, tukachora duara kwa mkaa na kamba ya sentimita 38, upana wake 76, ndio kipimo wanachotumia wapigaji duniani kote. Umbali mita 35, kwa futi kamba, si kwa hatua za shemeji, ambaye hatua zake ni ndefu akiwa anajisifu.

Karatasi tatu kwa kila aina. Halafu kazi ya kuhesabu matundu, ambayo tuliwaachia watoto na kalamu za rangi.

Zile za Kiingereza zina marisau kama 305 ndani ya ganda moja. Kwa wastani 189 ziliingia kwenye duara, na zimetawanyika sawasawa. Nilichukua mfuniko wa sufuria, saizi ya kiwiliwili cha kanga, nikaizungusha juu ya karatasi: popote nilipoiweka kulikuwa na matundu matano, sita, saba. Ndiyo risasi hiyo. Bega nalo halikulalamika.

Magnum ina marisau karibu 200, makubwa zaidi. Niliponyanyuka kutoka kwenye ule msukumo (shemeji anasema nilirudi nyuma hatua mbili, mimi nasema moja) nikakuta 95 tu ndani ya duara. Zaidi ya nusu zimekwenda kutafuta maisha yao. Katikati kulikuwa na uwazi ambao kanga angepita na vifaranga wake. Karatasi ya pili vilevile. Ya tatu nilitaka kuacha, nikakumbuka bei.

Sababu yake ukiifikiria ni rahisi. Madini ya risasi ni laini. Rundo kubwa likisukumwa kwa nguvu kubwa, marisau ya nyuma yanabanwa na uzito wa ya mbele, yanabonyea, na lililobonyea haliruki sawa, linakata kona. Kwenye bunduki nzito ya mtu mwingine, yenye mtutu tofauti, huenda magnum hiyo hiyo ikapiga vizuri. Kwenye yangu ni kelele za gharama.

Jambo hili guku wangu, yaani babu, wa Kwimba alilijua bila karatasi ya kaki. Alikuwa na gobore la kushindilia, na kipimo chake kilikuwa kikombe kimoja kidogo cha pembe. Baruti nyeusi kikombe kimoja, kizibo cha pamba, anashindilia kwa ufito. Kisha marisau kikombe hicho hicho, kizibo chepesi juu, fataki mwisho. Kujaa kwa kikombe ndicho kipimo, mizani hakuna. Siku moja baba mdogo, kijana mwenye haraka, akaongeza baruti nusu kikombe ili apige mbali. Moshi ulipotoka kanga wote walikuwa bado wanatembea, na yeye amekaa chini. Guku akamwambia, "Ng'wanawane (mwanangu), umewatawanya wewe mwenyewe." Ukitaka marisau yaende pamoja, alisema, punguza baruti, usiongeze. Sasa risasi za dukani zimeshapimiwa kiwandani, lakini kanuni ni ile ile, ila badala ya kikombe unasoma maandishi ya boksi. Na kwa kuwa nimegusa gobore: baruti ya kisasa kutoka kwenye ganda usithubutu kuimimina humo. Si jamii moja na baruti nyeusi. Mtutu utapasuka usoni mwako.

Zile 7½ zilinishangaza kwa uzuri. Marisau kama 345, zaidi ya 200 ndani ya duara, karatasi inaonekana kama chujio la chai. Kwa kwale, mita 25, sina ninalolitaka zaidi. Lakini kanga ana manyoya mazito na ngozi ngumu, na chembe ya milimita 2.4 inaishiwa nguvu mapema. Utamwona anayumba, anatua kwenye majani, halafu anakimbia kwa miguu na humpati tena. Huo ni ukatili, na ni hasara.

Kuna mtego kwenye namba ambao wengi hawaujui. Namba 6 ya Uingereza si namba 6 ya Marekani. Ya Uingereza ni milimita 2.6, ya Marekani ni kama 2.8, yaani inalingana na namba 5 ya Waingereza. Ukisikia mwenzako anasifia "namba 6", muulize boksi linatoka wapi, au tazama milimita, kwa kawaida zimeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo.

Mtego wa pili ni wa hatari. Risasi ya milimita 76 inaingia kwenye chemba ya 70 bila shida yoyote, bunduki inafunga, unadhani mambo sawa. Urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limeshapigwa na mdomo wake umefunguka. Kwenye chemba fupi mdomo unakosa pa kufungukia, na mgandamizo unapanda vibaya. Bunduki nyingi za kurithi kama yangu ni za 70 au hata 65. Soma chuma chako kwanza. Hili muuzaji hakuniuliza, na ndilo lililotakiwa kuwa swali lake la kwanza.

Kuhusu unyevu wa ziwa sina mengi: weka risasi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, si kwenye banda la injini. Nilikuwa na mabaki ya miaka mingi, vitako vimeota kutu ya kijani. Moja ilitoa mlio kama wa mtu anayekohoa kanisani. Nilifungua bunduki, nikachungulia, kizibo kimekwama katikati ya mtutu. Ningepiga ya pili bila kuchungulia, leo injini zenu zingekuwa zinatengenezwa na mtu mwingine.

Mtaniuliza kuhusu bata na mabukini wa kwenye mpunga. Mimi kwenye maji sipigi. Risau la madini ya risasi linazama, bata analimeza akidhani ni changarawe ya kusagia chakula, linamuua polepole kwa sumu. Marekani walikataza marisau ya madini hayo kwa ndege wa majini tangu 1991, wanatumia ya chuma. Chuma ni kigumu kwa mtutu mkongwe uliobanwa kama wangu, na ni chepesi, kwa hiyo unahitaji chembe kubwa zaidi. Nimewaachia bata ziwa lao.

Kwenye msimu wenyewe, leseni ya kuwinda ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, mfukoni, nilitumia za Kiingereza tu. Kanga wawili kwa risasi tatu, wote chini ya mita 35. Mke wa shemeji aliwachemsha tangu saa nane hadi giza, akawaunga na karanga, tukala na ugali wa udaga. Shemeji aling'ata risau moja, akaliweka pembeni ya sahani kimya kimya kama ushahidi.

Magnum zilizobaki zimo kwenye ndoo. Karatasi nzuri kuliko zote, ya zile za Kiingereza, nimeitundika bandani Igombe, na wateja wanaendelea kuniuliza mchwa wamenianza lini.