TAHADHARI: Springi za valvu za Hilux zilizopakwa rangi zinauzwa kama mpya

Ndugu zangu wenye pikapu, hasa nyie wa Hilux zenye injini za dizeli za 2L, 3L na 5L mnaobeba mazao kama mimi, naomba msome hii kabla hamjamtumia hela ya spea mtu wa Dar mnayemjua kwa simu tu. Kuna springi za valvu, zile zinazofunga milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi ndani ya injini, zilizokwisha kutumika, zimesuguliwa kutu, zimepulizwa rangi nyeusi na kuwekwa kwenye boksi lenye stika ya kiwandani, halafu zinauzwa kama mpya. Mimi niliuziwa nane. Moja ilikatika usiku kwenye mteremko wa Kitonga, nyuma nina matenga 22 ya nyanya na pembeni amekaa kijana wangu wa miaka 17.

Gari langu lina injini ya 3L, ile dizeli ya cc 2779, silinda nne, valvu nane. Natoa nyanya Ilula napeleka Dar. Mwanzoni mwa mwaka likaanza kutoa moshi wa bluu kila nikiwasha asubuhi, unakata baada ya dakika chache. Fundi wangu, mtu ambaye amenitengenezea magari miaka mingi na simlaumu hata leo, akasema sili za valvu zimekauka, oili inateremka kwenye mashina ya valvu usiku gari likiwa limelala. Hapo alikuwa sahihi. Akaongeza, "Kaka, tukishafika huko juu tubadilishe na springi kabisa, maana gari limeshatembea sana hili." Nikakubali. Hatukuzipima zile zilizokuwemo. Tulikubaliana tu kwa mdomo kwamba zimechoka.

Muuzaji nilimpata kupitia namba aliyonipa mwenzangu wa sokoni. Akanitumia picha za boksi, stika inang'aa, namba ya spea ipo. "Orijino ya Japani hiyo kaka, siyo zile za kuunga unga." Springi moja shilingi 12,000, nane 96,000. Iringa mjini nilikuwa nimeambiwa karibu mara mbili ya hapo, tena kwa kuagiza. Nikaona nimeokoa pesa. Namba ya kutumia hela ikaja na jina la mtu, siyo jina la duka. Nikauliza, akajibu ni ya mhasibu wao. Mzigo ukapanda basi, kesho yake nikaupokea stendi. Ndani hakuna risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kuna kipande cha karatasi ya daftari kimeandikwa kwa kalamu: "springi pcs 8". Jina la duka hakuna, aina ya injini hakuna, tarehe hakuna. Pale stendi ndipo nilipotakiwa kushtuka, na sikushtuka kwa sababu fundi alikuwa ananisubiri na nyanya zilikuwa zimeshachumwa.

Zikafungwa. Gari likanguruma vizuri, moshi ukakata, nikalipa. Wiki tano nilikwenda Dar na kurudi bila shida.

Usiku wenyewe nilipita Ilula saa nne na nusu. Kitonga nashuka gia ya pili kama siku zote, maana pale ukitegemea breki peke yake unaziunguza. Injini ndiyo inalishika gari, kwa hiyo inapiga kelele, mizunguko iko juu. Katikati ya mteremko nikasikia mlio mkavu, tak tak tak, kama mtu anagonga bati kwa spana. Kijana akaniangalia. Sikupata hata muda wa kumjibu, ukaja mshindo mmoja mzito, usukani ukatetemeka, nami kwa woga nikakanyaga klachi. Injini ikazima pale pale.

Wasiozijua injini hizi wanielewe hapa. Pampu ya vakyumu inayosaidia breki iko nyuma ya oltaneta. Injini isipozunguka, oltaneta haizunguki, na msaada wa breki unabaki ule mdogo uliojikusanya kwenye busta, lile dramu la kusaidia breki. Ukikanyaga mara mbili tatu umekwisha, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Nilisimamisha lile gari kwa miguu yote miwili juu ya pedeli huku kijana anavuta hendibreki kwa mikono miwili. Lilisimama kwenye ukingo wa barabara, malori yanatupita yakipiga honi. Kijana alishuka kuweka mawe kwenye matairi, nikaona mikono inamtetemeka. Yangu pia.

Tulipofungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini chenye valvu, kule gereji tukayaona yote. Springi ya valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu ilikatika vipande viwili, kile cha juu kikajisokota ndani ya kile cha chini. Ndiyo ile tak tak tak niliyosikia kwanza. Injini inaweza kwenda hivyo kwa muda mfupi, lakini valvu haikazwi tena. Vile vipande viwili vidogo vinavyobana shina la valvu vikachomoka, valvu ikatumbukia, pistoni ikapanda ikakutana nayo. Kwenye dizeli nafasi kati ya pistoni iliyofika juu na valvu ni ndogo mno. Pistoni imetoboka, valvu imekunjwa, hedi imechimbika.

Nilichukua kile kipande cha springi nikakifuta kwa kitambaa chenye petroli. Rangi nyeusi ikatoka yote, ikabaki kwenye kitambaa. Chini yake kuna vishimo vya kutu, vidogo kama vimedungwa kwa sindano, na mikwaruzo mirefu ya brashi ya waya ya mashine. Pale ilipokatikia mkwaruzo mmoja umepita katikati ya kishimo.

Springi ya valvu haifanani na springi ya kiti. Kamshafti, shafti inayobonyeza valvu, inazunguka nusu ya mizunguko ya injini, kwa hiyo injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kila springi inabonyezwa mara 1,000 kwa dakika hiyo. Saa moja ni mara 60,000. Safari yangu moja ya kwenda Dar ni mamia ya maelfu. Waya unaofanya kazi hiyo unatengenezwa kwa chuma maalumu na ngozi yake ya nje ndiyo inayobeba mkazo mkubwa zaidi. Ukiikwaruza, ufa unaanzia hapo hapo na kila mbonyezo unausogeza kidogo. Anayechukua springi yenye kutu akaisugua kwa brashi ya mashine ili ing'ae ameiharibu mara mbili: imechoka, na sasa amewekea ufa mahali pa kuanzia. Halafu anaificha kwa rangi.

Nikaenda Dar mwenyewe. Yule aliyeniuzia alikuwa hapokei tena simu yangu, lakini jina lililotokea kwenye muamala wa hela lilinifikisha kwa mtu mmoja, na mtu huyo akanifikisha kwenye chumba cha nyuma ya duka la spea. Duka silitaji hapa, malalamiko yangu yameshapelekwa panapohusika. Nilichokiona kwa macho yangu ni hiki: ndoo ya dizeli imejaa springi na valvu kuukuu, grenda yenye brashi ya waya imefungwa kwenye meza, waya wa kuanikia nguo umening'inizwa springi zinakauka rangi, na kijana mdogo amekaa kwenye kreti anakunja maboksi mapya. Roli ya stika iko miguuni pake. Nikamuuliza hizi zinatoka wapi, akanijibu bila kuficha chochote: "Mafundi wanatuletea." Yaani zile unazomwachia fundi kama chuma chakavu. Mwenye duka alipofika neno lake lilikuwa moja, bidhaa ikishatoka hairudishwi, na kama ninayo risiti niitoe. Sina.

Sasa niseme jinsi ya kuzikagua, maana hili unaweza kulifanya nyumbani kabla fundi hajagusa kitu.

Anza na kitambaa na petroli. Futa springi kwa nguvu, ingiza kidole katikati ya mizunguko. Rangi ikikuachia mweusi mkononi, irudishe. Kisha angalia ncha mbili, juu na chini. Springi mpya ncha zake zimesagwa kiwandani ziwe bapa, utaona mistari midogo ya jiwe la kusagia imeenea sawa. Iliyotumika ina pete inayong'aa kama kioo, imelainishwa na kukaa kwenye hedi miaka yote hiyo. Rangi ya kopo hufunika ile pete lakini haiondoi, ukiifuta inajitokeza.

Halafu zisimamishe zote nane juu ya kioo cha meza, weka rula juu yake. Seti mpya rula inalala. Chukua na skwea ya seremala, simamisha springi pembeni yake, izungushe polepole. Juu isiachane na skwea zaidi ya milimita 2. Ikiachana zaidi imepinda, na springi iliyopinda inasukuma shina la valvu upande mmoja mpaka linakula gaidi, kile kibomba ambamo shina linapita.

Nguvu yake ndiyo ngumu kupima bila mashine, lakini kuna njia ya mafundi wa zamani. Weka springi unayoijua ni nzima na ile unayoishuku kwenye jiliwa, zikitazamana, katikati kipande cha bati nene. Kaza taratibu. Zikibonyea sawa, vizuri. Moja ikibonyea haraka kuliko mwenzake, hiyo ndiyo dhaifu. Fanya pole na simama pembeni, springi ikichomoka inaumiza.

Namba kwenye stika isikutulize. Namba za Toyota zina tarakimu kumi, tano, kistari, halafu tano, na yeyote mwenye printa anaweza kuzichapa. Ya kwangu ilikuwa imeandikwa sawasawa kabisa.

Kingine, na hili linahusu fundi wako: kama tatizo ni springi au sili tu, hedi haina haja ya kushuka. Pistoni ya silinda husika ikipandishwa juu kabisa, valvu haina pa kutumbukia, inakaa juu ya pistoni, na kazi inafanyika hapo hapo baada ya kutoa kamshafti. Ukiambiwa lazima ununue gasketi ya hedi kwa ajili ya springi, uliza sababu. Na akimaliza apime nafasi za valvu, ule uwazi mdogo kati ya kamshafti na valvu, injini ikiwa ya baridi. Kwa hizi za 3L kama yangu ni milimita 0.20 hadi 0.30 za kuingizia hewa na 0.40 hadi 0.50 za kutolea moshi. Akisema amesikiliza kwa sikio tu, mrudishe akachukue geji.

Kuhusu risiti, dai ya EFD hata kama mzigo unakuja kwa basi. Mwambie aipige picha kabla hujatuma hela. Ile ina jina la biashara, namba ya mlipa kodi na msimbo unaoweza kuuhakiki Mamlaka ya Mapato, TRA. Bila hiyo utakuwa kama mimi, umesimama mbele ya mtu aliyekudhulumu na huna karatasi. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Nimewapelekea kipande kilichokatika, boksi, stika na ujumbe wote wa simu. Aliyeuziwa kama mimi naye apeleke, tusiishie kulalamikiana vijiweni.

Na springi zako za zamani usiziache gereji. Ziombe, zifunge kwenye gunia, nenda nazo nyumbani. Usipofanya hivyo, zinaweza kuishia kwenye ile ndoo niliyoiona, kisha auziwe mwenzako wa Njombe au Songea.

Zangu fundi alikuwa bado hajazitupa. Zilikuwa kwenye kopo la rangi chini ya meza yake, zina oili. Tulizifuta, tukazipanga kwenye kioo pamoja na zile saba "mpya" zilizobaki. Za zamani zote nane zilikuwa na kimo kimoja, rula ikalala juu yake bila kuyumba, na kwenye skwea zikasimama wima. Katika zile saba, tatu zilikuwa fupi, moja kwa karibu milimita mbili. Fundi alikaa chini kwenye tairi, hakusema kitu kwa muda mrefu. Tulitoa springi nzima kwenye injini yangu, kwa hela yangu, tukaweka zilizokufa.

Pistoni, valvu, gasketi, hedi ya mtumba na ufundi vimenitoka zaidi ya shilingi 1,800,000, mbali na nyanya zilizolala njiani siku mbili. Gari limerudi barabarani wiki iliyopita. Limefungwa zile springi nane za kwenye kopo.