Vitabu vipya vya sheria kwenye maktaba ya chuo, Lubumbashi: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Sura ya pili ya memwari yangu, yaani kazi ya utafiti ya kumaliza chuo, niliiandika upya yote kwa sababu ya kitabu kimoja kipya. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya.

Niko mwaka wa mwisho wa sheria hapa Lubumbashi. Kazi yangu inahusu mrabaha wa madini, ile tunayoiita redevansi: fedha ambazo kampuni inalipa kwa madini inayouza, na hasa fungu linalopaswa kurudi mahali mgodi ulipo. Nilianza na nilichokikuta rafuni, kitabu chenye jalada la kijani lililolegea kwa kushikwa na mikono mingi, kinachoeleza Sheria ya Madini ya mwaka 2002. Kimeandikwa vizuri na nilikielewa. Kinasema asilimia 60 ya mrabaha ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, na 15 ya mji au teritwari ambamo mgodi upo. Nikajenga kurasa karibu 20 juu ya hesabu hiyo.

Siku moja mama anayetunza chumba cha kusomea akapita nyuma yangu, akaona nilichofungua.

"Mwana, hii sheria ilishabadilika. Ngojea kwanza."

Akaingia ndani, akarudi na kitabu ambacho kilikuwa hakijapigwa hata muhuri wa maktaba. Kilikuwa kinanuka wino. Humo nikakutana na Sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, ikiwa imefafanuliwa kifungu kwa kifungu, ya zamani upande mmoja na mpya upande wa pili. Serikali kuu imeshuka hadi asilimia 50. Jimbo limebaki na 25, na 15 ni ya mji, komine, sekta au uchifu ambamo mgodi upo. Asilimia 10 inakwenda kwenye mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo, mfuko ambao katika kitabu cha kijani haumo kabisa. Mrabaha wa shaba ulipanda kutoka asilimia 2 hadi 3.5. Kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati mwezi Novemba 2018, na madini ya aina hiyo yanalipiwa asilimia 10. Halafu kuna lile jambo lililonifanya nikae kimya kwa muda: kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoishi kandokando ya mgodi.

Baba mdogo wangu anaishi Kambove, mji wenye migodi. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amenipigia simu kuniuliza, "Wanaposema redevansi inatufikia, inatufikia kwa njia gani?" Nilimjibu kwa heshima zote, nikitumia kitabu cha kijani. Ilibidi nimpigie tena nimwombe radhi na kumweleza upya. Aliniuliza hiyo asilimia 0.3 imeandikwa wapi, nikamsomea kifungu kwa Kifaransa kisha nikamgeuzia kwa Kiswahili, naye akaomba nirudie polepole ili aandike. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kazi ya kitabu kipya cha sheria.

Vitabu vilivyoingia safari hii si vya madini peke yake. Kuna maelezo ya Sheria ya Familia yaliyoandikwa baada ya marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016. Mimi ni mke wa mtu, na hapa sitaweza kuzungumza kwa ubaridi. Sheria ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kwenda mahakamani au kujifunga kwa mkataba. Marekebisho ya 2016 yaliiondoa ruhusa hiyo. Lakini vitabu ambavyo wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wamekuwa wakivifungua vinaieleza bado kama sheria inayotumika, na msichana anayesoma peke yake, bila mtu wa kumwambia, ataamini. Kufika kwa nakala hizi mpya kumenifurahisha kuliko kitu kingine chochote katika chumba kile.

Upande wa biashara pia hali ni nzuri. Nchi yetu iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, mwaka 2012, na kabla ya hapo makampuni yalikuwa yanaongozwa na dekreti ya mwaka 1887. Sasa kuna kitabu kikubwa chenye matini zote za OHADA, pamoja na zile za kudai madeni zilizopitishwa mwaka 2023. Ni kizito, lete begi imara.

Kuna pia kona ya kompyuta, mashine sita, na siku nilizokwenda nne ndizo zilizokuwa zinafanya kazi. Usiipite. Kwa kompyuta hizo unaingia kwenye GOALI, sehemu ya Research4Life (mpango wa kusomea majarida na vitabu vya kitaaluma mtandaoni) iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa ajili ya masomo ya sheria, na chuo cha Kongo hakilipii. Nywila iko kwa mkutubi, umwombe yeye. Nilipata humo makala za mrabaha wa Zambia na Chile ambazo nisingeweza kuzinunua hata nikiacha kula bukari mwezi mzima. Kwa matini za sheria zetu wenyewe, tovuti ya Leganet inatosha na hata kwa simu inafunguka. Umeme ukikatika, ambayo hutokea, hifadhi ulichopata kwenye flashi mapema. Mimi nilipoteza asubuhi nzima kwa kutofanya hivyo.

Sasa yaliyoniumiza. Vitabu vipya vimefungiwa kwenye kabati la vioo. Unaviona lakini huvishiki mpaka mwenye ufunguo apatikane, na kuna siku nilitoka Katuba kwa teksi, nikangoja hadi saa saba mchana, nikarudi mikono mitupu. Kila kitabu kina nakala moja tu, haitoki nje. Najua kwa nini wanaogopa. Kurasa za vitabu vya zamani zimechanwa na watu waliokosa hela ya fotokopi. Hata hivyo kitabu kilichofungiwa hakimsaidii aliyekuja kukitafuta. Wangekitoa kwa saa mbili mbili, kadi ikibaki mezani.

Jingine ni mpangilio. Vitabu vya sheria viko kwenye rafu za namba 340 na kuendelea, lakini viwili vya sheria ya madini nilivikuta kwenye 622, katikati ya vitabu vya wahandisi wa migodi, na katika orodha ya kompyuta vilikuwa havijaingizwa. Ukikosa kitu kwenye 340, nenda pia kule.

Kile cha kijani bado kiko rafuni na kibaki, maana anayeandika historia atakihitaji. Mimi mwenyewe nimekitaja katika sura ya kwanza. Nilimwomba yule mama abandike karatasi ndogo ndani ya jalada, yenye maneno kwamba sheria hii ilirekebishwa mwaka 2018. Alinipa gundi na kalamu, tukafanya pamoja siku hiyohiyo, na vya familia tukaviandikia 2016. Tulimaliza vitabu kumi na kimoja kabla ya saa ya kufunga.

Jumamosi wanafunga saa sita. Ukija kwa ajili ya kile kipya cha madini, fika mapema ujiandikishe kwenye daftari: jana nilipokirudisha, majina manne yalikuwa yanakisubiri.